Injini imetoka ovaholi na bado inatoa moshi wa bluu? Tunajaribu kipima mvujo cha geji mbili

Niaje wadau, machalii wa Chuga na ndugu zetu wa Moshi, leo mezani nina kifaa ambacho gereji nyingi za huku hazina, na wangekuwa nacho ugomvi wa fundi na mwenye gari ungepungua sana. Cheki hapa, geji mbili zimekaa pamoja, katikati kuna regyuleta, huku unaingiza upepo wa kompresa, na huku kuna mpira unaofunga kwenye tundu la plagi. Kuna wanaoita likidauni, mi naita kipima mvujo yaishe.

Gari ya kujaribia ni Noah ya zamani, injini 3S, imetoka ovaholi mtaa wa Unga Limited juzijuzi tu, ringi mpya za pistoni, bloku imechongwa, na bado ukikanyaga mafuta inaachia moshi wa bluu, yaani inaunguza oili, halafu ukifungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma inapumua kama sufuria ya makande. Mwenye gari kaambiwa lile jibu la siku zote, we endesha tu ringi zitakaa. Sasa sio uongo moja kwa moja, ringi mpya lazima zisuguane na ukuta wa silinda mpaka zizoeane, ila jibu hilohilo ndo linafichia kazi mbovu, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Mtasema mbona tuna geji ya kompresheni, ile ya kuchomeka unapiga stata unasoma. Sawa, na mi naanza nayo, injini iwe ya moto, betri imejaa, plagi zote nje, umekata mafuta na umeme wa plagi, mguu umekanyaga eksileta mpaka mwisho. Lakini wadau hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kitabu kikiandika psi 180 usishangae injini nzima kabisa ikakusomea 150 na kitu, Moshi mko chini zaidi mtapata juu kidogo. Nimeshaona watu wanafunguliwa hedi bure kwa sababu ya hiyo namba. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, ikizidi kama psi 15 hapo kuna neno. Ukimwagia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda dhaifu ukapima tena na namba ikapanda vizuri, jua upepo unapita kwenye ringi, isipopanda nenda kwenye valvu au gasketi ya hedi. Hiyo ni mbinu ya zamani na bado inafanya kazi, ila kwa injini mpya haikwambii kosa ni kubwa kiasi gani.

Haya, kifaa chetu. Silinda unayopima unaipeleka topu, yaani pistoni imefika juu kabisa, valvu zote mbili zimefunga, sio topu ile ya ekzosi maana utapima sailensa. Kabla hujaunga mpira unaweka geji ya pili kwenye sifuri kwa regyuleta, halafu ndo unaunga. Na sikilizeni hapa nawaomba, psi 100 kwenye pistoni ya milimita 86 ni kama kilo 400 zinasukuma chini, pistoni ikiwa imepita topu kidogo tu krenki inazunguka ghafla, kwa hiyo fundi msaidizi ashike krenki kwa mpini mrefu na vidole vikae mbali na belti. Hakuna utani hapo.

Silinda ya kwanza, mnaona, asilimia 12, yaani hicho ndo kiasi cha upepo kinachovuja. Kwa injini ambayo haijatembea sina shida nayo, ikishatembea natarajia ishuke chini ya 10. Ya pili inakaribiana, ya nne hivyohivyo. Sasa tatu... mnaona mshale unavyokimbia, 38. Na sasa ndo uzuri wa kitu hiki, zima redio na sikiliza. Sailensa kimya, kwa hiyo valvu ya ekzosi iko poa. Kwenye mdomo wa kuingiza hewa kimya. Rejeta haitoi mapovu, gasketi ya hedi tunaisamehe. Chomoa stiki ya oili sogeza sikio, ssssss, huo hapo, upepo unapita pembeni ya pistoni mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili la chini. Ringi.

Na kwa kuwa ni silinda moja tu, lile jibu la ringi zitakaa limekufa, maana zote nne zimefungwa siku moja na zimetembea sawa. Mi nashuku ringi ilivunjika wakati pistoni inashindiliwa, au kuna mkwaruzo ukutani, au mdomo wa ringi, ule mwanya kati ya ncha zake mbili, umeachwa wazi mno, kwa pistoni saizi hii unatakiwa uwe kama milimita 0.3 hivi. Ingekuwa zote nne zinasoma 30 ningeuliza maswali mengine kabisa, bloku ilipigwa honi, yaani kuta za silinda zilisuguliwa kwa jiwe, ikabaki na ile mistari ya kukatizana au imeachwa laini kama kioo, ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni au ilipanguswa tu na kitambaa, ringi za standadi zimewekwa kwenye bloku iliyotanuliwa, na gari imeachwa sailensi, inaunguruma tu imesimama, masaa mengi eti inazoeshwa. Hiyo ya mwisho inaua ovaholi nyingi, ringi zinabanwa ukutani na presha ya mwako, bila mzigo zinateleza tu na ukuta unang'aa. Panda nayo Ngaramtoni kwenda Oldonyo Sambu, kanyaga, achia, kanyaga, achia, oili ya kawaida sio sinthetiki, hapo unazisaidia.

Ubaya wake sasa. Kwanza bila kompresa ni pambo. Pili hizi geji za bei chee zinatofautiana, usiamini asilimia moja mbili, amini tofauti ya silinda na silinda. Tatu, na hili wauzaji hawasemi, inapima ringi za kompresheni, ringi ya oili haiioni kabisa. Kuna injini itakusomea 8 zote nne na bado inakunywa oili, labda ringi ya pili imegeuzwa, ile alama ya nukta au herufi ilitakiwa itazame juu, au ni sili za valvu, na hizo mara nyingi moshi wake unauona asubuhi ukiwasha.

Mi nawapa ruhusa mnunue, ila ukiwa dukani angalia nati ya mpira, Toyota nyingi za petroli za huku ni milimita 14, pikipiki ni ndogo zaidi, kisha unga na mpira wa geji yako ya kompresheni uone kama kile kivalvu cha ncha kinatoka, kisipotoka upepo haupiti na utadhani injini yako ni mpya ya kiwandani. Noah inashushwa sampu kesho, pistoni namba tatu tutaitolea video yake.