Uzoefu wangu na mashine ya kujazia risasi: sahani ikipotea taimingi, usikimbilie kubadilisha dai

Nilianza kujaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, mwenyewe, mwaka 2021. Wakati ule hapa Ohio rafu za maduka zilikuwa tupu, na boksi la risasi 50 za milimita 9, ukibahatika kulipata, bei yake ilikuwa inaumiza. Mimi hulenga shabaha klabuni kila Jumamosi, na risasi 200 kwa asubuhi moja ni kawaida. Nikanunua mashine ya vituo vitano, ile ya sahani inayozunguka na kuyapeleka maganda chini ya dai, yaani vile vyombo vya chuma vya juu vinavyolipa ganda umbo lake: ukivuta mkono wa mashine, vituo vyote vinafanya kazi kwa mpigo mmoja, na kila mvuto unakutolea risasi moja kamili. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu tatizo nitakaloeleza linaweza kuipata mashine yoyote ya aina hii.

Neno moja kwanza kwa ndugu zetu walio huku. Sheria ya shirikisho ya Marekani haidai leseni ukijaza risasi za matumizi yako, ila ukitaka kuziuza lazima uwe na leseni ya utengenezaji. Majimbo nayo yana sheria zake. Na aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa masharti machache yaliyotajwa na sheria. Mwenye green card anaruhusiwa. Nyumbani, Tanzania na Kenya, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, kwa hiyo asisome mtu hapa akaenda kujaribu uani kwake.

Miezi minane ya kwanza mashine ilinifurahisha sana. Kisha jioni moja nikaanza kusikia mkwaruzo kila ganda lilipokuwa likiingia kituo cha tatu, kile cha kumimina baruti na kupanua mdomo wa ganda. Nilipoyatoa maganda nikayaona yana kovu dogo upande mmoja wa mdomo, kama limeng'atwa na panya. Fataki, vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti vinavyozamishwa kwenye kitako cha ganda, nazo zilikaa vibaya. Nyingine zilizama sawasawa, nyingine zilijitokeza kidogo, na tatu zilikuwa zimelala upande na alama ya mwezi mchanga usoni. Nikapitisha kidole kwenye kitako cha risasi moja na fataki ikanikwaruza ngozi. Hiyo si risasi ya kuiweka kwenye bastola. Fataki iliyojitokeza inaweza kukwamisha silaha, na mbaya zaidi inaweza kulipuka wakati risasi inaingia chemba, kabla hujagusa kifyatulio.

Risasi zote za jioni ile nikazitenga. Usijaribu kamwe kuizamisha zaidi fataki iliyomo kwenye risasi ambayo tayari ina baruti na kichwa, yaani ile ncha inayoruka. Kabla ya kushika spana, nikamwaga baruti yote na kuirudisha kwenye kopo lake, nikatoa mrija wa fataki, nikavaa miwani.

Nilianza kwa kulaumu dai. Nikanunua dai mpya ya kupanulia midomo, nikaifunga, na kovu likaendelea pale pale. Nikafungua na kufunga zile nyingine, nikazidi kuvuruga vipimo. Wiki mbili zikapita.

Aliyenifungua macho ni baba yangu, fundi cherehani wa miaka mingi kule Tanga. Nilimpigia kwa video, nikaielekeza kamera kwenye mashine nikivuta mkono taratibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hebu rudia. Hiyo sahani inapanda sawa?"

Nikarudia. Akaniambia cherehani ikivunja sindano, fundi mzuri hagusi sindano, anatazama kwanza kama ndoano inaikuta sindano kwa wakati wake. "Chombo chako kinachelewa kufika mahali," akasema, "na hapo katikati pana kitu kimelegea. Ondoa kila kitu uibakize sahani peke yake."

Nikazitoa dai zote. Nikaweka ganda moja tupu na kuinua sahani polepole huku nikichungulia kwa tochi kupitia tundu la juu. Ganda lilikuwa linaingia likiwa limekaribia ukingo mmoja. Kisha nikashika sahani kwa vidole viwili, nikaibonyeza upande mmoja: ikacheza. Bolti ya katikati inayoishikilia ilikuwa imelegea kama robo mzunguko. Kwenye mashine yangu fataki huzamishwa kwa kuusukuma mkono mbele mwishoni mwa safari. Bolti ikilegea, msukumo ule badala ya kuizamisha fataki unaiinua sahani upande mmoja. Ndiyo maana nyingine zilikuwa zinajitokeza.

Nikaikaza bolti mpaka sahani ikaacha kucheza lakini bado inazunguka bila kuganda. Kipimo hiki unakipata kwa kuhisi na vidole. Ukizidisha, sahani inakuwa nzito na inashindwa kufika mwisho wa hatua yake, na umejitengenezea tatizo lingine. Ukishaipata, funga kile kiskrubu kidogo cha pembeni kinachozuia bolti isijifungue. Changu kilikuwa hakijawahi kugusa bolti tangu siku naitoa mashine kwenye boksi, na kijitabu chake hakisemi lolote kuhusu hilo.

Fataki zikawa bora, lakini kovu la mdomoni halikuisha. Hapo ndipo ilipo taimingi yenyewe, yaani sahani kufika mahali pake kwa wakati ule ule mkono unapofika mwisho. Chini ya sahani kuna gololi ndogo zenye springi, zinazoingia kwenye vishimo ili sahani isimame mahali pake. Sahani inasukumwa na vidole viwili vya chuma: kimoja hufanya kazi mkono ukivutwa, cha pili ukirudishwa, na kila kimoja kina skrubu yake. Mkono ukifika mwisho, iguse sahani. Ikisogea mbele kidogo na gololi ikaingia kwa mlio wa "tik", ilikuwa haijafika. Ukilazimika kuirudisha nyuma ndipo ilie, imepitiliza. Yangu ilikuwa haijafika mkono ukiwa umevutwa, kwa umbali usiotimia hata milimita moja, lakini kwa ganda la milimita 9 hiyo inatosha kugonga dai. Nikageuza skrubu ya kidole hicho moja ya nane ya mzunguko, nikajaribu, nikaongeza tena kidogo. Mara ya tatu sahani ikasimama na kulia yenyewe. Mimi huweka alama ya kalamu ya wino mzito kwenye skrubu kabla sijaigeuza, ili nikikosea nijue njia ya kurudi.

Mwisho nikarudisha dai moja baada ya nyingine. Usiikaze nati ya dai ikiwa mahali patupu. Weka ganda, panda nalo mpaka ndani ya dai, kisha kaza nati likiwa humo. Ganda lenyewe linaivuta dai ikae katikati. Vichwa vya risasi viliacha kukaa upande, na ule uvimbe wa upande mmoja niliokuwa nikiuona shingoni ukaisha. Urefu wa risasi zangu ulikuwa unapishana kwa milimita 0.3. Nilipopima 20 kwa kalipa baada ya hapo, zilipishana kwa 0.1, na zote zilikuwa chini ya ule urefu wa juu unaokubalika Marekani kwa milimita 9, yaani milimita 29.69.

Kuna mambo mawili yanayofanana na tatizo la taimingi na siyo. Maganda ya kijeshi, yale yenye alama ya msalaba ndani ya duara kwenye kitako, mara nyingi tundu la fataki limebanwa ukingoni, kwa hiyo fataki inagoma au inasagika hata mashine ikiwa imenyooka kabisa. Na ganda la .380, risasi nyingine ya bastola, likijichanganya humo, kitako kinakaribia kufanana lakini urefu wake ni milimita 17.3 badala ya 19.15, kwa hiyo mdomo haupanuliwi na kichwa hakipati pa kukaa. Chambua maganda yako mapema, mezani, kwa macho.

Mashine naipa nyota nne kati ya tano. Chuma chake ni kizuri, na tangu matengenezo yale imeshanitolea risasi zaidi ya 6,000, nikiikagua bolti kila baada ya mia mbili. Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya kijitabu. Kurasa nyingi zinaeleza jinsi ya kuifunga mashine mezani, na hakuna hata mstari mmoja kuhusu ile bolti ya katikati wala skrubu za vile vidole. Nimewaandikia waongeze ukurasa wa hayo, kwa picha, na uonyeshe pia kile kiskrubu cha pembeni.