Turbo au supachaja kwa Toyota 86 ya kazi za kila siku Mombasa

Anayetafuta seti ya kuongeza nguvu kwa Toyota 86 au pacha wake Subaru BRZ wa kizazi cha kwanza hukuta makundi matatu sokoni: turbo inayozungushwa na moshi wa injini, supachaja ya feni inayozungushwa na mkanda wa injini, na supachaja ya rota mbili inayokaa juu ya injini. Zote zinafanya kazi. Kwa msukumo wa hewa wa baa 0.5 tu (baa ni kipimo cha presha), kila moja inaweza kuitoa FA20, injini ya magari haya, kwenye hp 200 za kiwandani hadi 260 au 280 hivi. Kinachozitenganisha hapa kwetu ni joto, foleni na chumvi. Kwa gari la kuendea kazini, sisi tunaitanguliza supachaja ya feni yenye intakula ya hewa, yaani kipoza hewa iliyobanwa kinachopozwa na upepo.

Tupige hesabu ya joto. Mchana wa Februari hewa inayoingia kwenye kompresa, sehemu inayoibana hewa, ni nyuzi 32. Ibane kwa baa 0.5 kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, itatoka na nyuzi 86 hivi. Kompresa ya asilimia 60 itaifikisha 95. Intakula inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka huirudisha ile ya kwanza hadi 48, na FA20 inazivumilia. Injini hii hubana hewa mara 12.5 yenyewe, kabla hujaifunga chochote, kwa hiyo kila nyuzi inayoingia ina gharama: hewa ikikaribia 70, kompyuta hurudisha taimingi ya cheche nyuma kuizuia injini isigonge, yaani petroli isilipuke ovyo ndani ya silinda, na nguvu uliyoinunua inapotea.

Kwenye kundi la feni, seti mbili zinazostahili pesa ni GT Supercharger ya HKS na ile ya Jackson Racing yenye kompresa ya Rotrex C30. Ndani hazina gia za meno. Kuna roli laini zilizobanana, zinazopokezana nguvu kupitia utando mwembamba wa mafuta maalumu, na kwenye C30 mwendo wa puli huzidishwa zaidi ya mara 9. Mafuta hayo si ya kubahatisha. Rotrex hutaka SX150, HKS wana yao, na ukimimina ATF (mafuta ya gia otomatiki) au mafuta ya injini roli huteleza na kuungua. Agiza chupa ya akiba pamoja na seti, kwa sababu hutaipata dukani jioni ya Jumamosi.

Sifa yao kubwa kwa Mombasa ndiyo hiyo hiyo inayolalamikiwa kwingine. Msukumo hupanda kwa kipeo cha pili cha mizunguko ya injini kwa dakika: ukiwa na baa 0.5 kwenye 7,000, kwenye 3,500 una 0.12 tu. Maana yake, ukijikokota daraja la Nyali saa kumi na moja jioni, supachaja haifanyi kazi ya maana na haitengenezi joto. Lakini lile bonde la FA20 kati ya 3,500 na 4,500, ambapo injini huzubaa kidogo, utabaki nalo. Anayetaka gari livute tangu chini hataridhika.

Jambo la kuangalia ni mkanda. Ukipiga kelele asubuhi yenye unyevu kisha ukanyamaza, usiupulizie dawa. Weka rula ya chuma kwenye uso wa puli mbili uone kama zimelingana; milimita moja ya kupishana inatosha kuula mkanda kingo. Ukiukuta unang'aa upande wa mifereji, umeshateleza, badilisha.

Supachaja za rota ni tamu kuendesha. Edelbrock E-Force hutumia rota za Eaton TVS za lita 1.32, Sprintex hutumia skrubu mbili, na zote hujaza lile bonde kuanzia mizunguko 2,000. Tatizo ni mahali zinapokaa. Chuma chote kiko juu ya injini, na intakula yake hupozwa kwa maji yenye pampu na rejeta yake ndogo mbele. Ukisimama nusu saa Kibarani huku malori yamefunga njia, maji yale hupata moto na hayapoi mpaka gari lipate mwendo. Ukiichagua, weka rejeta ya mbele iliyo kubwa kuliko ya seti, na hakikisha pampu inazunguka swichi ya gari ikiwashwa: fungua kifuniko cha tangi la maji hayo uone yanatembea. Humo tia kulanti (dawa ya rejeta) na maji yaliyosafishwa kwa mvuke, nusu kwa nusu. Maji ya kisima ya hapa yana chumvi, na alumini haistahimili. Zipo pia seti za rota zinazouzwa bila intakula kabisa. Kwa Mombasa usiziguse.

Turbo tunampendekezea yule ambaye kila wiki yuko barabara ya Nairobi. Kulipita lori Taru ukiwa gia ya nne, mizunguko 3,000, hakuna kinachoishinda turbo ndogo. Seti ya AVO ni mfano mzuri wa mpango huo: turbo ya kiasi, msukumo wa chini, gari bado la kila siku. Msisitizo uko kwenye neno ndogo. Turbo kubwa inayoamka 4,500 haina kazi mjini.

Kinachoua turbo nyingi ni bomba la kurudisha mafuta. Mafuta huingia kwa presha lakini hutoka kwa kuteremka yenyewe, kwa hiyo bomba la kutokea liwe pana, literemke moja kwa moja, lisipinde juu hata kidogo, na liingie sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) juu ya usawa wa mafuta. Injini ya FA20 imelala na turbo hukaa chini, ndiyo sababu baadhi ya seti huja na pampu ndogo ya kuyavuta. Likiziba au likikunjika, mafuta hujaa kwenye turbo, hupenya sili, na gari hutoa moshi wa samawati kila ukiwasha. Wengi hapo hununua turbo mpya, na ubovu uko kwenye bomba la bei ndogo.

Usifunge manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa injini, kwa ule utepe wa kuzuia joto. Hushika unyevu wa bahari na chuma huoza chini yake bila wewe kuona. Dai manifoldi ya chuma cha pua au iliyopakwa seramiki.

Sasa suala linaloharibu injini kuliko yote: programu ya kompyuta ya injini iliyoandikwa mahali pengine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa yake ni kilopaskali 83 hivi. Mombasa ni 101. Supachaja huzidisha ilichokipata. Puli inayozidisha mara 1.5 hutoa msukumo wa baa 0.41 Nairobi, na puli ile ile, kwenye gari lile lile, hutoa 0.5 na ushee ikishuka huku. Hewa inaongezeka karibu moja ya tano. Nozeli za petroli zilizokuwa zikifunguka asilimia 80 ya muda wake Nairobi hapa zitapita 90, na hapo hazina akiba tena: petroli inapungua msukumo ukiwa juu kabisa, injini inagonga, pistoni inapasuka. Seti yoyote iliyotumika Nairobi ipimwe upya hapa kabla ya kukanyagwa. Turbo nayo ina upande wake: iliyopangwa Mombasa ishikilie baa 0.5, ikipanda Nairobi italazimika kuzidisha mara 1.6 badala ya 1.5, yaani izunguke kasi zaidi. Acha nafasi.

Petroli pia. Programu za Kijapani zimeandikwa kwa petroli ya okteni (kipimo cha kustahimili kugonga) inayofikia 100, na nyingi za Marekani zina toleo la E85, mafuta yenye ethanoli nyingi, ambalo halina maana kwetu. Mwambie anayeandika programu, iwe kwa EcuTek (zana ya kuandikia kompyuta ya gari) au vinginevyo, afanye kazi na petroli unayojaza kila siku, tangi likiwa na hiyo pekee bila kuchanganya. Kwenye msukumo kamili tunataka uwiano wa hewa kwa petroli wa 11.5 hivi, usizidi 12. Plagi ziwe baridi, yaani zinazotoa joto haraka, kwa daraja moja kuliko za kiwandani (kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi) na mwanya wa milimita 0.7. Konrodi za FA20, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, ndizo dhaifu, na zinavunjwa na nguvu nyingi kwenye mizunguko ya chini. Kwa hiyo mwenye turbo asiruhusu msukumo ufike kileleni kwenye mizunguko 3,000. Ukitaka kupita hp 300 kwenye magurudumu, fungua injini kwanza.

Kabla ya kulipa, hesabu kilichomo kwenye sanduku. Seti kamili ina nozeli au pampu ya petroli pale inapohitajika, sensa ya presha, vali ya kurudisha hewa, mabomba yote na vibano vya boliti. Kipoza mafuta chenye thamostati mara nyingi hakimo, nacho kwa hali yetu ni lazima. Seti za bei poa za mtandaoni huja na mipira ya tabaka moja na vibano vya waya. Foleni mbili za jua kali, bomba linachomoka.

Angalia pia urefu kutoka chini. Maji yakipwa, mteremko wa kushukia feri ya Likoni huwa mkali, na bomba la intakula lililoning'inia chini ya bampa litakwaruza. Chujio la hewa lisiwekwe huko chini pia. Masika yakijaza barabara litavuta maji, na maji ndani ya silinda hupinda konrodi papo hapo. Mapezi ya intakula yaoshe kwa maji matamu ya bomba, polepole, kila baada ya wiki mbili. Mashine ya presha huyalaza.

Iarifu bima kwa maandishi kabla ya kufunga, maana badiliko lililofichwa huwapa sababu ya kukataa kulipa.

Likishafungwa, usikanyage hadi mwisho kwa kilomita 500. Kisha, injini ikiwa baridi, kaza vibano vyote, pima mvutano wa mkanda, mwaga mafuta na uyapitishe kwenye kitambaa cheupe. Ukiona chembe zinazometa, gari lisiwashwe tena mpaka zijulikane zimetoka wapi.