Miaka mitatu na trekta lisilo na namba za gia: uzoefu wangu Basotu

Nimeendesha matrekta kwa miaka 19, karibu yote hapa Basotu, wilaya ya Hanang, kwenye mashamba ya ngano na shayiri. Miaka mitatu ya mwisho nimekaa kwenye kiti cha Fendt 716 Vario, ambalo tajiri wangu alilinunua likiwa limeshafanya kazi Ujerumani. Kila dereva anayepanda humo huuliza swali lile lile: gia ziko wapi? Hakuna gia namba moja wala namba nne. Kuna mkono mdogo upande wa kulia, ukiusukuma mbele trekta linaongeza mwendo, ukiuvuta nyuma linapunguza, na katikati hapo husikii mahali popote gia inapobadilika. Linaweza kutambaa kama mita 20 kwa saa au kukimbia kilomita 50 kwa saa barabarani.

Naandika kwa ajili ya mtu anayefikiria kununua trekta la namna hii, na zaidi kwa ajili ya dereva atakayekabidhiwa.

Nianze na nilikotoka. Nilijifunzia kwenye Massey Ferguson 375, farasi 75, gia 8 za mbele na 2 za nyuma. Ni trekta ninaloliheshimu mpaka leo, na bado tunalo. Lakini dereva yeyote wa udongo mweusi anajua shida ya gia nane. Umeingiza haro ya kuvunja udongo asubuhi, udongo una unyevunyevu. Gia ya tatu inakuchelewesha, ya nne inalizima trekta ukifika kwenye bonde. Kati ya hizo mbili hakuna kitu. Basi unarudi ya tatu, unaushusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, na siku nzima injini inapiga kelele kwa mizunguko 2,000 na zaidi huku nusu ya nguvu zake haina kazi. Tulifundishwa hivyo: trekta linalofanya kazi lazima lisikike mpaka kijiji cha pili.

Kumbe injini ya dizeli haipendi hivyo. Inakula mafuta vizuri zaidi ikiwa na mzigo wa kutosha huku ikizunguka polepole, kwa matrekta mengi kati ya mizunguko 1,400 na 1,700 kwa dakika. Ukiipandisha zaidi ya hapo bila mzigo wa maana, sehemu ya dizeli inaishia kusugua pistoni, kuzungusha feni na pampu, na kupasha chuma moto. Ardhi haioni kitu. Kwa hiyo kazi ya gia boksi nzuri ni kuiacha injini ikae kwenye mwendo wake yenyewe, halafu mwendo wa magurudumu utafutwe kwingine.

Hicho ndicho Vario inachofanya. Fundi aliyetufungulia kifuniko alinieleza, na nimehakikisha kwa macho yangu. Nguvu ikitoka kwenye injini inaingia kwenye kundi la gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati, na hizo nazo zimezungukwa na duara la meno. Hapo nguvu inagawanyika njia mbili. Njia moja ni chuma kwa chuma, inakwenda moja kwa moja. Njia ya pili inazungusha pampu ya haidroli, pampu inasukuma oili, na oili inazungusha mota za haidroli. Mwishoni njia zote mbili zinakutana kwenye shafti moja inayokwenda kwenye magurudumu. Pampu ile inaweza kuinama. Ikiwa imenyooka kabisa haisukumi oili, na trekta linasimama ingawa injini inaunguruma. Ikianza kuinama, trekta linaondoka. Kadiri mwendo unavyopanda, sehemu ya oili inapungua na ya chuma inaongezeka, mpaka kwenye mwendo wa juu kabisa karibu nguvu yote inapita kwenye chuma. Kwa kuwa pampu inainama kidogo kidogo bila ngazi, lile pengo la kati ya gia ya tatu na ya nne halipo tena.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko nilivyodhani. Hataza (haki ya ugunduzi) ya mhandisi Hans Marschall wa Fendt ni ya mwaka 1973, na ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka trekta kubwa la kwanza lenye gia boksi hiyo, Fendt 926 Vario, lilipoonyeshwa Hanover mwaka 1995. Siku hizi kampuni nyingine kubwa za matrekta zina gia boksi za namna hii, kila moja kwa jina lake, na hata vijiko vikubwa vya kupakia kokoto machimboni vimeanza kufungwa mifumo inayofanana. Kwa hiyo ninayoyasema hapa hayahusu chapa moja.

Siku ya kwanza nilipoliwasha shambani, mzee mmoja aliyeendesha matrekta ya mashamba ya ngano ya serikali enzi za NAFCO, shirika la kilimo la serikali, alisimama pembeni akinitazama. Nikashusha haro, nikasukuma mkono mbele, kompyuta ikaishusha injini mpaka 1,500. Mlio ukawa mzito, wa chini, kama mtu anayenong'ona akiwa amebeba gunia. Nilipofika mwisho wa mstari mzee akanipungia mkono nisimame.

"Kijana, unaiua injini hiyo. Inabeba mzigo haina pumzi. Ongeza mafuta."

"Shikamoo mzee. Tazama bomba la moshi kwanza."

Nikalima mstari mwingine yeye akitembea kando. Moshi haukuonekana. Kwenye Massey, ukiilemea injini kwenye mizunguko midogo na gia kubwa, unatoa moshi mweusi, na hiyo ndiyo dalili aliyoizoea: dizeli nyingi, hewa haitoshi. Kwetu hapa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inachoka mapema kuliko ya Pwani. Injini hii ya Deutz, ya silinda sita, ina turbo, inapata hewa yake. Tena kuna jambo moja zaidi ambalo mzee hakuliona kutoka nje: haro ilipoingia kwenye udongo mgumu, trekta lilipunguza mwendo lenyewe, kutoka kilomita 9 hadi 7 kwa saa, lakini injini haikushuka. Ikabaki pale pale. Upo mpangilio unaoiambia kompyuta injini iruhusiwe kuelemewa kiasi gani kabla trekta halijapunguza mwendo, na ukiupanga vizuri mkono wako unakuwa hauna la kufanya ila kuangalia mbele. Mzee alipanda akakaa pembeni yangu nusu saa. Alipoteremka hakusema kitu kuhusu kuua injini tena.

Kuhusu mafuta, sitaki mtu anunue kwa kusikia tu, kwa hiyo niseme nilivyopima. Sikulinganisha na Massey, maana ni trekta dogo na haro yake ni ndogo. Nililinganisha trekta hili na lenyewe. Shamba moja, haro moja, kina kimoja. Siku ya kwanza niliondoa usimamizi wa kompyuta, nikaifunga injini kwenye mizunguko 2,000 kama tulivyozoea. Siku ya pili nikaiachia kompyuta ichague. Kila siku nilijaza tanki mpaka shingoni asubuhi, trekta likiwa limesimama pale pale kwenye sakafu ya ghala ili tanki lisilale upande, na jioni nikajaza tena kwa kidumu chenye alama za lita. Siku ya mizunguko 2,000 nilitumia lita 4.6 kwa ekari. Siku ya kompyuta lita 3.9. Nilirudia wiki iliyofuata baada ya mvua kidogo, tofauti ikawa karibu ile ile. Ni vipimo vya shamba moja na dereva mmoja, lakini kwa tajiri anayelima mamia ya ekari, hizo ni dramu za dizeli zinazobaki stoo.

Ila pale ambapo gia boksi hii imeuteka moyo wangu kabisa ni kwenye kupulizia dawa. Bomba la dawa linaendeshwa na shafti ya nyuma ya trekta, na pampu yake inataka mizunguko 540 kwa dakika bila kuyumba. Kwenye trekta la gia, ukifika kwenye mtaro ukapunguza mafuta, shafti nayo inapungua, presha inashuka, na ngano ya mahali hapo inapata dawa isiyoenea sawasawa. Wiki tatu baadaye unaona magugu yamesimama kwenye kila mtaro kama yamepandwa. Kwenye Vario shafti ninaiweka kwenye 540 ya kubana matumizi, ambayo injini inaifikia bila kukimbia sana, na haiguswi tena. Mwendo wa trekta naupandisha na kuushusha kwa mkono mdogo, injini na pampu hazina habari. Msimu uliopita nilitembea kwenye mitaro yote mitano ya shamba la kaskazini nikitafuta magugu ya zamani. Sikuyakuta. Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu habari ya mitaro kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji kusikia.

Barabarani, nikivuta tela la ngano kwenda Katesh, ni raha tu. Pedeli ya klachi ipo, lakini kuondokea mlimani siikanyagi, na kisahani cha klachi hakiungui.

Sasa mabaya, maana yapo.

La kwanza: kwa kazi ya kuvuta mzigo mzito kwa mwendo mmoja siku nzima, kwenye shamba tambarare, gia za kawaida hazina aibu. Njia ya oili inapoteza nguvu zaidi kuliko meno ya chuma, na hasara hiyo inageuka joto. Mwendo mdogo na mzigo mkubwa ndipo oili inapofanya kazi nyingi zaidi. Nikiwa na jembe zito la kupasua ardhi ngumu mwezi wa tisa, jua kali, nimeona joto la oili likipanda mpaka ikabidi nisimame na kusafisha rejeta, ambayo makapi ya ngano yalikuwa yameiziba. Hapo ilikuwa uzembe wangu. Rejeta inatakiwa kupulizwa kila siku. Lakini kama kazi yako yote ni jembe tu, na shamba lako ni tambarare, sioni kwa nini ulipe bei ya gia boksi hii.

La pili liliniumiza. Msimu wa pili, kati ya siku za kupanda, oili ya gia boksi ilipungua kidogo. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwenye msiba. Trekta lilipelekwa kwenye gereji moja, jina lake litabaki kwangu, na fundi akaongeza oili ya injini kutoka kwenye kidumu kilichokuwa wazi, kwa kutumia faneli aliyoiokota chini. Siku mbili baadaye trekta likaanza kusita wakati wa kuondoka, kisha taa nyekundu na kengele. Pampu inayoinama kwa vipimo vidogo namna ile haivumilii vumbi, na oili yake siyo ya kuchanganya. Ilibidi fundi mwenye kompyuta ya kusoma hitilafu aje kutoka Arusha. Oili yote ikamwagwa, filta zikabadilishwa, mfumo ukasafishwa. Siku tisa trekta limesimama, mvua inanyesha, mbegu ziko stoo. Nilikuwa natoka kila asubuhi naliangalia, sikuweza kukaa ndani. Tulibahatika pampu haikuchanika. Tangu siku hiyo oili ya gia boksi inafungiwa kwenye kabati, faneli yake imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na ufunguo ninatembea nao.

Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza fundi yuko wapi na atakufikia kwa siku ngapi, kisha uliza oili sahihi inapatikana duka gani. Kama trekta limetumika, dai daftari la huduma, na endesha likiwa limeshapata joto, siyo la asubuhi. Lisimamishe mlimani bila breki huku injini inaunguruma, mkono ukiwa kwenye sifuri. Likiteleza polepole kurudi nyuma, ondoka na pesa zako.

Kuna jambo la mwisho, nalo halinihitaji mimi kukushawishi ununue chochote. Baada ya kuishi na kompyuta hii nimegundua kwamba sehemu ya faida yake tungeipata miaka yote kwenye trekta letu la zamani kama tungefundishwa: kwa kazi nyepesi, panda gia moja, punguza mafuta. Ukiona moshi mweusi au injini inazama, rudi. Kwa jembe zito haifai, lakini kwa haro ya pili, kwa kupanda, kwa tela tupu, inafaa sana. Nimechora mstari wa rangi nyekundu kwenye kioo cha geji ya Massey, pale kwenye 1,600. Kijana anayeliendesha sasa alilalamika wiki ya kwanza kwamba trekta limekuwa bubu. Wiki iliyopita nilimkuta mwisho wa shamba, haro imeinuliwa, ameinama juu ya tanki na kijiti, anapima dizeli iliyobaki na kuandika kwenye daftari la mtoto wake la shule.