Penelope na Juliet: mapenzi ya subira, mapenzi ya moto

Penelope wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, katika utenzi wa Odyssey, alimngoja mumewe, Odysseus, miaka 20. Wachumba walipomsonga, akawaambia kwanza amalize kufuma sanda ya baba mkwe; mchana akifuma, usiku akifumua, na hila hiyo ikadumu miaka 3. Mume aliporudi, Penelope hakumrukia shingoni. Alimtega kwanza kwa siri ya kitanda chao, ambacho mguu wake mmoja ni shina la mzeituni lenye mizizi ardhini. Hapo ndipo aliponiteka: anapenda, na akili anayo.

Juliet wa Shakespeare, katika tamthilia ya Romeo na Juliet, hajatimiza hata miaka 14. Kuonana na Romeo, kuoana, kufa: wiki haijaisha. Maneno yake ni matamu zaidi, sikatai. Ila kitabu cha kukesha nacho, nachukua cha mfumaji.