Masala ya Goda ya Pakiti: Inaweza Kubeba Sufuria ya Masale Bhat?

Karibuni jikoni, jamani. Mezani hapa kuna pakiti tatu za masala ya goda, viungo vilivyosagwa vya Maharashtra, jimbo la magharibi mwa India, zote kutoka hukohuko India, na kichupa kimoja cha masala iliyosagwa asubuhi hii. Zote nne nazipima kwa kitu kimoja tu: masale bhat, wali wa viungo wa Wamaharashtra, ule unaopakuliwa kwenye harusi za Pune na Konkan ukiwa na samli na nazi mbichi juu yake. Majina ya kampuni sitayataja, kwa sababu pakiti ileile ya kampuni ileile ikikaa dukani miezi minane inageuka bidhaa nyingine. Ninachotaka ujue ni cha kutazama na cha kunusa.

Mwenye haraka achukue jibu lake aende: nunua pakiti ndogo, gramu 50 au 100, iliyofungwa karibuni, yenye rangi ya kahawia iliyokolea. Ukiwa na saa moja na blenda ndogo ya viungo, saga mwenyewe, utapata kitu bora zaidi. Na garam masala, hata iwe nzuri vipi, usiitie humu ukasema umepika masale bhat.

Kwa nini nakazania masala kiasi hiki? Sisi tukisikia wali wa viungo tunawaza pilau. Pilau ina vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi, ina saumu, ina supu ya nyama. Masala ikilegea kidogo, hivyo vingine vinaibeba. Masale bhat ya asili, ile ya harusini na ya kutolewa sadaka kwa miungu, haina kitunguu wala saumu. Masala haina pa kujificha. Ikiwa imechacha, wali wote umechacha.

Goda linatokana na neno la Kimarathi lenye maana ya tamu. Si tamu ya sukari. Ni ile harufu ya nazi kavu na ufuta vikikaangwa taratibu, ikichanganyika na mdalasini. Ndani yake kuna giligilani kwa wingi, bizari nyembamba, karafuu, iliki, pilipili manga, na vitu viwili ambavyo wengi wetu hatuna kabatini. Kimoja ni nagkeshar, vitumba vya maua vilivyokaushwa, vidogo kama pilipili manga yenye mkia. Cha pili ndicho chenye mchezo wote: dagad phool.

Sogeza kamera hapa. Tazama, kinafanana na vipande vya karatasi iliyoungua, juu kijivu, chini cheusi, kingo zimejikunja. Jina lake maana yake ni ua la jiwe, lakini ua si ua. Ni ule utando unaoota juu ya mawe na magome ya miti, kuvu na mwani vinavyoishi pamoja. Ukikinusa kikavu, karibu hakina kitu: vumbi na msitu. Sasa natia vipande vichache kwenye nusu kijiko cha mafuta ya moto, sekunde kumi, basi. Harufu inayotoka ni ya moshi, udongo na kuni zilizolowa mvua. Hiyo ndiyo inayomfanya mtu aliyekulia Pune ageuke akipita dirishani. Ukiiacha sekunde thelathini inakuwa chungu, na uchungu huo hautoki hata ukimwaga sukari guru kilo nzima. Kabla ya kuikaanga ichague kama unavyochagua mchele, maana huja na vipande vya magome na mchanga.

Haya, pakiti. Sheria ya India inataka viambato viorodheshwe kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Kwa hiyo usisome kama kimo au hakimo, soma kiko nafasi ya ngapi. Pakiti ya kwanza: giligilani, pilipili, chumvi, manjano, kisha vingine. Chumvi ikiwa ya tatu, unalipia chumvi kwa bei ya viungo. Rangi yake nyekundu-njano inakwambia mapema kwamba pilipili na manjano ndiyo yaliyoshika usukani. Ya pili: giligilani, nazi kavu, ufuta, bizari nyembamba, halafu dagad phool imetajwa kwa jina. Rangi ni ya kahawa iliyokaangwa. Hii inatia moyo. Ya tatu ina orodha nzuri kuliko zote, nagkeshar imo, khaskhas, mbegu za mmea wa afyuni, zimo, lakini tarehe ya kufungwa inasoma miezi kumi na moja iliyopita.

Hapo kwenye tarehe ndipo watu wanapoliwa. Garam masala ya kawaida ikizeeka inapoteza harufu tu. Goda ina nazi na ufuta, yaani ina mafuta, na mafuta yakisagwa yakakutana na hewa yanachacha. Ipime hivi: chukua robo kijiko, sugua katikati ya viganja mpaka vipate joto, nusa. Ikikujia harufu ya karanga zilizokaa au ya rangi ya ukutani, rudisha. Pakiti ya tatu ndivyo ilivyo. Orodha ya kifalme, harufu ya bohari.

Tahadhari nyingine ni jina. Utakuta pakiti imeandikwa kala masala, masala nyeusi. Kuna nyumba Pune ambako kala na goda ni kitu kimoja. Ukienda sehemu nyingine za Maharashtra, kala ni kali zaidi na mara nyingi ina kitunguu na saumu. Si mbaya, ila si ya wali huu.

Sasa kichupa changu. Maharashtra watu husaga masala ya mwaka mzima wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Juni, na mitaa kama Lalbaug kule Mumbai inajulikana kwa vinu vyake. Wewe usisage ya mwaka. Saga ya miezi miwili: giligilani nzima kikombe kimoja, bizari nyembamba vijiko vikubwa viwili, ufuta viwili, nazi kavu iliyokunwa robo kikombe, dagad phool vijiko vikubwa viwili bila kushindilia, karafuu kumi na mbili, vijiti viwili vya mdalasini vya urefu wa kidole, iliki ndogo sita, iliki kubwa nyeusi mbili, pilipili manga kijiko cha chai, nagkeshar kijiko cha chai, tej patta matatu, yale majani ya jamii ya mdalasini, pilipili kavu tatu, manjano kijiko cha chai, na mvuje nusu kijiko cha chai. Wengine huongeza khaskhas, zile mbegu za mmea wa afyuni. Mlioko Dubai na Falme za Kiarabu kwa ujumla, hizo ni marufuku huko, msijaribu hata kuzibeba kwenye sanduku. Ongeza ufuta kidogo, mambo yaishe.

Kila kimoja kaanga peke yake, moto mdogo, na matone ya mafuta. Najua inachosha. Lakini ufuta unaiva kwa dakika moja, giligilani inataka nne au tano mpaka ibadilike rangi, na nazi ikipita kahawia ya biskuti inaungua. Ukivimwaga pamoja, kimoja kitakuwa mkaa wakati kingine ni kibichi. Viache vipoe kabisa. Ukisaga vya moto, mvuke unanasa ndani, masala inashika mabonge na baadaye inaota ukungu. Saga vikavu kwanza viwe unga, ndipo utie nazi na ufuta ukigusa blenda mara tatu nne tu. Ukianza na nazi na ufuta, mafuta yanatoka na unabaki na uji.

Tupike. Mchele wao wa asili ni ambemohar, punje fupi, jina lake linatokana na harufu ya maua ya mwembe. Ukiukosa, tumia kolam. Ukikosa vyote, mchele wetu wenye harufu unafaa sana, pishori ya Mwea au wa Kyela. Basmati unakubali, ila punje zake ndefu hazishiki masala vilevile, na kwa maoni yangu unageuza sahani hii kuwa biriani iliyopotea njia.

Vikombe viwili, osha mara tatu, acha kwenye chujio nusu saa. Usiuroweke kama ni punje fupi. Utavunjika wakati wa kukaanga.

Mboga inayotakiwa ni tondli, vile vitango vidogo vya urefu wa kidole ambavyo Wagujarati wa Afrika Mashariki wanaviita tindora. Gramu 150, kata kila kimoja vipande vinne kwa urefu. Ukipasua ukakuta ndani ni chekundu, kimeiva, kitakuwa kichachu, weka pembeni. Ongeza njegere nusu kikombe, bilingani ndogo tatu, korosho kumi na tano.

Mafuta vijiko vikubwa vitatu kwenye sufuria nzito. Haradali kijiko cha chai, isubiri ipasuke yote. Isiyopasuka ina uchungu. Bizari nyembamba nusu kijiko, mvuje robo kijiko, manjano nusu, majani kumi ya kari. Kuhusu mvuje: unaouzwa kwenye vikopo umechanganywa na unga, mara nyingi wa ngano, kwa hiyo asiyekula ngano asome kopo. Korosho zinafuata, zikipata rangi, tondli na bilingani, chumvi kidogo, funika dakika tano. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Tondli ni ngumu kuliko inavyoonekana. Ukiitia pamoja na mchele, wali utaiva nayo bado inalia kama tango.

Tia mchele, kaanga dakika tatu kwa kugeuza kutoka chini, mpaka usikie punje zinagonga sufuria kama kokoto. Sasa ndiyo zamu ya masala: kijiko kikubwa kimoja na nusu, na pilipili ya unga kijiko cha chai. Haiendi kwenye mafuta matupu, kwa sababu ile nazi imeshakaangwa mara moja, ikikutana na mafuta ya moto inaungua kabla hujageuka. Nusu dakika, kisha maji yanayochemka, si ya bomba. Ya baridi yanakata moto, mchele unakaa kwenye maji vuguvugu na kutoa wanga: bokoboko.

Vipimo vya maji kwa vikombe viwili: ambemohar au kolam vikombe vinne, pishori au wa Kyela vitatu na nusu, basmati uliorowekwa vitatu na robo. Mchele mpya wa msimu punguza nusu kikombe. Njegere ziingie hapa, chumvi vijiko viwili vya chai, sukari guru kijiko kimoja cha chai. Kimoja tu, maana inashuka chini na kuungua. Onja maji: yawe na chumvi kuliko supu unayoipenda, maana mchele utainywa.

Moto mkali bila mfuniko mpaka maji yalingane na wali na uone vishimo. Kijiko kikubwa cha samli, funika, moto wa chini kabisa dakika kumi na mbili. Zima. Dakika kumi nyingine usifunue, usikoroge. Wenye sufuria ya presha, kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na robo tatu cha maji, filimbi mbili. Wali unatoka, lakini bilingani zinapotea na ukoko huupati. Na ukoko wa masale bhat, jamani, ni wa kugombaniwa.

Sahani nne ziko mezani. Ya pakiti ya kwanza: rangi inavutia, ladha ni ya mchuzi wa unga wa bizari, ukali unatangulia, hakuna kinachofuata. Ya pili: giligilani iliyokaangwa, mdalasini, moshi kwa mbali. Huyu ni masale bhat, ningempakulia mgeni. Ya tatu: kijiko cha kwanza kizuri, cha pili kinaacha utando wa mafuta ya zamani kwenye ulimi. Ya kichupa: tofauti na ya pili unaipata puani kabla ya mdomoni. Dagad phool haisemi sana, lakini ukiila sahani ya pili mara baada ya hii unaona kabisa kuna kitu kimetoka chumbani.

Kama umeshanunua pakiti kama ile ya kwanza, usiitupe. Punguza hadi kijiko kikubwa kimoja, acha pilipili ya unga, punguza chumvi, na ukaange kijiko kimoja cha ufuta na viwili vya nazi kavu, uvitwange kwenye kinu utie pamoja. Ya tatu haiokoleki.

Kilichobaki kwenye pakiti kitie kwenye chupa ya kioo, kifuniko kibane, weka kwenye friji, na kijiko kikavu kila mara. Pakua wali ungali na mvuke, nazi mbichi iliyokunwa, majani ya giligilani, samli inayeyukia juu, na pembeni glasi ya mattha, maziwa mgando yaliyopigwa na maji, tangawizi, bizari nyembamba na chumvi. Ndimu wengine wanakamulia. Onja kwanza, tondli ikikaa vizuri huihitaji.