Zana Tano Ndani ya Mfuko Mmoja: Mbili Zafaa, Tatu Zingebaki Dukani

Seti ninayoieleza hapa ina zana tano za mkono, yaani koleo dogo la kuhamishia miche, uma wa kutifulia udongo, kijembe cha palizi, reki ndogo na mkasi wa kupogolea, zote zikiwa na vipini vya plastiki vya rangi moja na mfuko wa turubai wa kuzibebea. Nimezitumia kwa miezi 14 kwenye matuta ya mboga na kwenye mawaridi, udongo ukiwa mkavu na ukiwa umelowa, na ninaweza kusema bila kumwonea mtengenezaji kwamba nyingi kati ya hizo ziliundwa kwanza zipendeze machoni, kazi ikafuata baadaye.

Nianze na koleo, kwa kuwa ndilo lililonitia hasira. Katika wiki ya tatu nilikuwa nikihamisha mche wa nyanya. Nikalizamisha kando ya mche hadi nusu ya bapa, kisha nikakandamiza kipini ili niinue bonge la udongo pamoja na mizizi. Udongo haukuinuka. Kilichoinama ni shingo ya koleo, taratibu, kama mshumaa uliosahauliwa juani. Nililinyoosha kwa kulikanyaga, likainama tena, na kwa kuwa chuma kinachokunjwa na kunyooshwa mahali pale pale huchoka, mara ya nne kilipasuka. Nilipoiangalia vizuri sehemu iliyopasuka niliona kwamba bapa lilikatwa kutoka kwenye bati jembamba na kuunganishwa na shingo kwa nukta mbili tu za kuchomelea. Muuzaji alijibu kwamba nilitumia nguvu kupita kiasi. Ni kweli kwamba koleo si mtaimbo, na njia sahihi ni kukata udongo kuuzunguka mche pande zote kabla ya kuinua. Lakini chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kuinua udongo kinapaswa kustahimili bonge moja la udongo.

Kwa hiyo anayechagua koleo asipoteze muda akitazama rangi wala umbo la bapa, bali aligeuze na kuikagua shingo. Koleo imara ama limefuliwa likawa kipande kimoja kuanzia ncha hadi mahali linapoingia kwenye kipini, ama limeunganishwa kwa weldi inayozunguka shingo yote bila kuacha mwanya. Lishike bapa kwa mkono mmoja na kipini kwa mwingine, kisha lisokote. Likicheza hata kidogo, lirudishe. Wauzaji wengine hukunja uso ukifanya hivyo, nao waache wakunje.

Uma una meno matatu yanayofanya kazi vizuri kwenye udongo tifutifu au kwenye vyungu, lakini kwenye mfinyanzi hutawanyika kila jino upande wake. Reki sina la kuisemea: ni nyembamba mno kwa tuta na ni pana mno kwa chungu.

Kijembe ni habari nyingine kabisa. Bapa lake ni jembamba, la chuma cha kaboni, ambacho hushika kutu kikiachwa na unyevu lakini hukubali makali na kuyatunza kuliko vyuma vingi visivyoshika kutu vya bei ya kawaida. Kilinifikia kikiwa butu, kama zilivyo zana nyingi mpya, nami nikakibana na kukipitisha tupa upande mmoja tu, nikisukuma kuelekea kwenye makali, mpaka nilipogusa upande wa pili na kuhisi vinyweleo vya chuma vilivyojikunja. Hivyo niliviondoa kwa kukipitisha mara mbili juu ya kinoo. Kazi yenyewe haikuzidi dakika kumi. Baada ya hapo sikuhitaji tena kukita kijembe ardhini. Nakivuta tu sentimita mbili au tatu chini ya uso wa udongo, asubuhi kavu yenye jua, na magugu yakiwa bado machanga hukatwa na kunyauka pale pale. Kuchimba zaidi ya hapo hujeruhi mizizi ya mboga na kuzileta juu mbegu za magugu zilizokuwa zimelala zikingoja mwanga.

Mkasi nao ni mzuri, ingawa maelezo ya kwenye boksi yanadai unakata tawi lolote, jambo ambalo si kweli. Ni ule wenye ndimi mbili zinazopishana, unaofaa matawi mabichi, tofauti na ule ambao ulimi mmoja hugonga juu ya kibao bapa, ambao hufaa zaidi matawi makavu kwa sababu huponda ganda la tawi bichi. Mimi nauishia kwenye tawi la unene wa sentimita mbili, na zaidi ya hapo nachukua msumeno. Ulimi wenye makali uelekezwe upande wa tawi linalobaki, ili alama ya kubanwa ibaki kwenye kipande kinachotupwa. Baada ya kukata mmea mgonjwa naufuta kwa kitambaa chenye spiriti, na jioni natia tone la mafuta kwenye egemeo. Kasoro yake ni kifungo cha usalama, ambacho kimewekwa upande unaomsumbua kabisa mtumiaji wa mkono wa kushoto.

Vipini vyote vina tabia moja mbaya: vikiachwa juani plastiki yake hulainika na kuanza kunata. Cha kijembe nimekwisha kukiondoa na kukichongea cha mti, nikakisugua kwa msasa na kukipaka mafuta ya kitani. Nilipokikata kile cha plastiki niligundua kwamba mkia wa chuma ulikuwa umeingia ndani sentimita tisa. Nikakipasua na cha koleo nilinganishe. Mkia wake haukufika hata tatu.