Mkutano wa wazazi shule ya msingi ya serikali: hesabu safi, ajenda nzito mkiani

Mwanangu aliingia darasa la tatu mwaka 2024, shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro. Wazazi wenzangu huniuliza kama kuna faida ya kufunga genge asubuhi nzima kwenda kukaa kwenye madawati ya watoto kusikiliza kamati ya shule. Ipo, nendeni. Lakini someni hadi mwisho.

Mapato na matumizi nawapa alama zote. Mwalimu mkuu aliandika kila kitu ubaoni, kwa herufi ambazo hata aliyekaa nyuma alizisoma. Ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi wa msingi ni sh 10,000 kwa mwaka; 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule, nyingine ni za vitabu. Chini yake akapanga chaki, mitihani, ukarabati wa vyoo. Baba mmoja akaomba kuona risiti za mabati. Zikaletwa, zikapita mkono kwa mkono. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 wapo wanaodhani mzazi hana tena la kuuliza shuleni. Zigawe hizo 6,000 kwa miezi 12, utapata sh 500 kwa mtoto, ndipo utajua kwa nini lazima tuulize.

Ajenda ya uji ikachukua karibu asubuhi yote. Mahindi au fedha? Nani atayapeleka mashineni? Mpishi alipwe nini? Bibi mmoja anayelea wajukuu alisimama akasema hana mahindi wala fedha, na hataki wajukuu wake wakae pembeni wenzao wakinywa. Mwenyekiti akamjibu vizuri sana: mchango ni hiari, hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani wala kunyimwa kikombe. Tukanyoosha mikono, ikapita. Uamuzi mzuri, naushukuru.

Halafu, watu wakishaanza kuaga, kwenye mengineyo, ndipo likatajwa suala la 2028.

Wazazi, hili ndilo linaloninyima usingizi. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioanza darasa la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia wanamaliza la saba. Januari 2028 wote wanabisha hodi kidato cha kwanza pamoja. Sekondari yetu ya kata tayari imejaa. Tunaanza kujenga boma la madarasa kwa nguvu zetu tuiombe halmashauri ipaue? Walimu je? Matundu ya vyoo? Maswali haya yalipewa dakika chache, kisha mtendaji wa kata akasema "litafanyiwa kazi" na sala ya kufunga ikaanza.

Muhtasari nao haujabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kwa hiyo aliyeondoka mapema hajui hata kama jambo hilo liliguswa.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaitoa kwa furaha siku kamati itakapoiweka 2028 ajenda ya kwanza, tena Jumamosi ili bodaboda na mama ntilie wapate nafasi ya kuja, na ikawaalika wajumbe wa bodi ya sekondari ya kata wakae meza moja na sisi. Barua ya kuomba hivyo nimeshaipeleka kwa mwenyekiti, na wazazi wa darasa letu wameitia saini.